Uzi maalumu: Ireland 1990. Robinson alishindaje, na mengine ya mwaka ule

#1 Kalamu Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, kwenye uzi wa mifumo ya uchaguzi imerudiwa mara kadhaa kauli kwamba Mary Robinson aliukwaa urais wa Ireland mwaka 1990 ilhali alishindwa kwa kura. Si kweli. Alishinda, tena kwa zaidi ya nusu ya kura zote halali. Tuanze na namba, kisha tuujadili mwaka wenyewe, maana 1990 ulikuwa mzito kwao kwenye siasa, mpira, sheria na hata jukwaa la maigizo.

Kura zilipigwa Jumatano, 7 Novemba 1990. Daftari lilikuwa na wapiga kura 2,471,308. Waliojitokeza ni 1,584,095, sawa na asilimia 64.1. Kura 9,444 ziliharibika, zikabaki halali 1,574,651.

Chaguo la kwanza lilikuwa hivi: Brian Lenihan wa Fianna Fáil 694,484 (44.1%), Mary Robinson, mgombea huru aliyeungwa mkono na Labour na Workers' Party, 612,265 (38.9%), na Austin Currie wa Fine Gael 267,902 (17.0%).

Katiba yao, ibara ya 12, inataka rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi kwa kura ya siri inayoweza kuhamishwa, yaani mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba 1, 2, 3. Kiwango cha ushindi hupatikana hivi: chukua kura halali, gawanya kwa idadi ya nafasi ukijumlisha moja (nafasi ni 1, kwa hiyo unagawanya kwa 2), tupa sehemu ya desimali, ongeza 1. Kwa hiyo 1,574,651 ÷ 2 = 787,325.5. Ukitupa nusu na kuongeza 1 unapata 787,326. Lenihan alipungukiwa na kura 92,842. Hakuna aliyekuwa amechaguliwa bado, na huyo anayeitwa mshindi wa duru ya kwanza hakuwapo kisheria.

Currie akaondolewa na karatasi zake zikafunguliwa upya kuangaliwa namba 2. Kati ya 267,902, Robinson alipata 205,565, Lenihan 36,789, na 25,548 hazikuweza kwenda kwa yeyote. Matokeo ya mwisho: Robinson 817,830, Lenihan 731,273. Tofauti 86,557. Robinson ana asilimia 51.9 ya kura zote halali, ukihesabu na zile zilizokwama.

#2 BintiMvita

Shukran kwa namba, ndugu. Nina swali ambalo wengi hujikwaa hapo: kwa nini namba 2 za wapiga kura wa Lenihan na Robinson hazikuangaliwa? Haionekani kama wapiga kura wa Currie walipewa kura mbili?

#3 Kalamu Nyekundu

Dada, kila karatasi ni kura moja tu, na wakati wowote iko kwenye fungu moja tu. Ya mpiga kura wa Lenihan iliendelea kuhesabiwa kwa Lenihan hatua ya pili kama ilivyohesabiwa hatua ya kwanza, kwa sababu mgombea wake bado yupo. Ya mpiga kura wa Currie ilipoteza mwenyewe, ndipo ikaulizwa: "Kama huyu hayupo, unamtaka nani?" Ni kama duru ya pili ya Kenya pale mgombea anapokosa nusu na moja, au asilimia 25 katika kaunti 24. Tofauti ni kwamba Kenya inawarudisha watu vituoni ndani ya siku 30, Ireland jibu liko tayari kwenye karatasi ileile. Aliyempigia mgombea wa kwanza duru ya kwanza akarudi kumpigia tena duru ya pili hajanyimwa kitu.

#4 Wakala wa Kituo

Niongeze upande wa ukumbi wa kuhesabia, kwa sababu hapo ndipo mfumo huu unapoeleweka kwa macho.

Mpiga kura haweki alama ya vema. Anaandika 1 kwa anayemtaka kwanza, 2 kwa anayefuata, 3 na kuendelea, na anaweza kuishia popote. Majina hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, kwa hiyo mwaka ule yalikuwa Currie, Lenihan, Robinson. Karatasi hupigwa mhuri rasmi kituoni kabla ya kukabidhiwa. Ikikosa mhuri huo ni batili hata kama namba zimeandikwa vizuri. Kosa jingine linaloua kura ni kuandika 1 mara mbili, au kuandika kitu kinachomtambulisha mpiga kura.

Masanduku hayafunguliwi usiku wa kupiga kura. Yanafunguliwa kesho yake asubuhi, jimbo kwa jimbo. Karatasi zinakunjuliwa na kuwekwa uso juu, na ng'ambo ya kizuizi wanasimama mawakala wa vyama wakiwa na kalamu na karatasi za mistari, wanachora kijiti kwa kila namba 1 wanayoiona. Kwa kuwa kila sanduku linajulikana limetoka kituo gani, chama kinajua kimefanya vipi kijiji kwa kijiji saa nyingi kabla ya tangazo. Mawakala wa vyama pinzani huunganisha hesabu zao, maana hakuna mtu mmoja anayeweza kuona meza zote.

Kwenye uchaguzi wa rais, kila jimbo hupeleka jumla yake kwa msimamizi mkuu Dublin. Yeye ndiye anayejumlisha, na ndiye anayeamuru nani aondolewe. Baada ya amri hiyo majimbo yote hurudi kwenye fungu la aliyeondolewa. Hapo ndipo makosa hutokea: karatasi iliyotiwa fungu lisilo lake hatua ya kwanza haitaonekana hatua ya pili, kwa sababu mafungu ya waliobaki hayaguswi. Ndiyo maana mafungu hupitiwa tena kabla ya jumla kutumwa.

Kuhusu zile 25,548 za Currie: ni watu walioandika 1 wakaishia hapo, au walioruka kutoka 1 kwenda 3. Sheria haikisii. Mfuatano ukikatika, kura inasimama hapo. Ni asilimia 9.5 ya kura zake, kiwango cha chini kwa mgombea wa chama kikubwa.

#5 Mtafiti wa Mwambao

Namba ziko sawa, lakini mnaacha kanda ya sauti. Bila kashfa ya Lenihan, Robinson angebaki namba mbili. Fianna Fáil walikuwa hawajawahi kushindwa uchaguzi wa urais.

#6 Kalamu Nyekundu

Mkuu, kanda ilikuwa na uzito, lakini tuieleze kwa mpangilio kwanza.

Tarehe 27 Januari 1982 serikali ya Garret FitzGerald ilianguka bungeni kwa sababu ya bajeti. Ibara ya 13 ya katiba inampa rais uamuzi wake mwenyewe wa kukataa kuvunja bunge pale Waziri Mkuu aliyepoteza wingi anapomwomba. Usiku ule watu wa Fianna Fáil walipiga simu Ikulu wakitaka Rais Patrick Hillery akatae, ili kiongozi wao Charles Haughey aunde serikali bila uchaguzi. Hillery hakukubali na bunge likavunjwa.

Miaka minane baadaye, Mei 1990, Lenihan alihojiwa na mwanafunzi wa uzamili, Jim Duffy, mbele ya kinasa sauti, akasema alipiga simu na alizungumza na Hillery. Tarehe 22 Oktoba, kwenye kipindi cha televisheni cha RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, FitzGerald akiwa kwenye jopo hilohilo, Lenihan alikana. Tarehe 25 kanda ikachezwa hadharani. Jioni ileile Lenihan akaenda kwenye taarifa ya habari na kuitazama kamera moja kwa moja, akisema kwamba baada ya kukumbuka vizuri, hakupiga simu ile. Tatizo halikuwa simu ya 1982 tena. Lilikuwa kauli mbili za mtu mmoja, zote kwa sauti yake.

Progressive Democrats, washirika wadogo wa Haughey, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, serikalini, wakatishia kutoka. Tarehe 31 Oktoba, wiki moja kabla ya kura, Haughey akamfukuza Lenihan uwaziri wa ulinzi na unaibu waziri mkuu, huku akiendelea kuwa mgombea wa chama. Wapo waliomhurumia sana baada ya hapo. Kisha Jumamosi tarehe 3 Novemba waziri Pádraig Flynn akasema redioni kwamba Robinson amejitengenezea sura mpya, nguo mpya, nywele mpya na mapenzi mapya kwa familia. Michael McDowell wa Progressive Democrats, aliyekuwa kwenye kipindi hicho, alimkemea palepale hewani. Kauli ile iliwaudhi wanawake wengi, wakiwemo wa vyama vilivyokuwa mbali kabisa na Robinson.

Sasa pima. Ukiondoa kura zilizokwama, kura za Currie zilizoweza kuhama ni 242,354. Ili kuziba pengo la 82,219, Robinson alihitaji 162,287 kati ya hizo, asilimia 67. Alipata karibu asilimia 85. Fine Gael na Fianna Fáil ni mahasimu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, kwa hiyo sehemu kubwa ya uhamisho ule ingekuja hata bila kanda. Kanda inaweza kuwa ilishusha chaguo la kwanza la Lenihan. Lakini mtu asiyekuwa tayari na asilimia 39 zake mwenyewe asingefaidika na anguko la mwenzake. Currie alikuwa na chama cha pili kwa ukubwa nyuma yake na hakufaidika.

#7 BintiMvita

Na hizo asilimia 39 alizijenga vipi? Labour kilikuwa chama kidogo.

#8 Kalamu Nyekundu

Alianza mapema kuliko wote. Ili kugombea unahitaji saini za wabunge na maseneta 20, au halmashauri nne. Labour walikuwa na wabunge 15 na Workers' Party 7, pamoja na maseneta wachache, kwa hiyo mlango ulifunguka kwa nafasi finyu. Dick Spring wa Labour ndiye aliyesisitiza kwamba uchaguzi uwepo. Mara ya mwisho Waairishi kumpigia rais kura ilikuwa 1973. 1974, 1976 na 1983 marais walipita bila kupingwa.

Mei mosi 1990 Robinson alikuwa Allihies, kijiji cha mwisho kabisa kusini-magharibi ya Cork, wakati vyama vikubwa vilikuwa havijateua mtu. Wapinzani wake waliteuliwa Septemba. Miezi minne hiyo alizunguka visiwa, vikundi vya akina mama, vyama vya ushirika, sehemu ambazo mgombea urais alikuwa hajawahi kufika. Alikuwa amejitoa Labour mwaka 1985 akipinga Mkataba wa Uingereza na Ireland, kwa hoja kwamba Waunionisti wa Kaskazini, wanaotaka Ireland Kaskazini ibaki Uingereza, hawakushirikishwa, kwa hiyo kusimama huru hakukuwa ujanja wa kampeni.

Na alikuwa na rekodi mahakamani. Alikuwa wakili kwenye kesi ya Airey, ambapo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 1979 kwamba mama asiye na fedha ana haki ya kufikia mahakama, na kesi ya Norris ya 1988 kuhusu sheria iliyoharamisha mapenzi ya wanaume wawili. Sheria hiyo ilifutwa 1993.

#9 Goli la Ugenini

Tusipite bila Italia '90, maana ilikuwa mara yao ya kwanza Kombe la Dunia, na bado naiona ni hadithi ya hesabu kama ile ya kura.

Kundi F: 1-1 na Uingereza kule Cagliari tarehe 11 Juni (Lineker alifunga mapema, Kevin Sheedy akasawazisha dakika ya 73), 0-0 na Misri kule Palermo tarehe 17, 1-1 na Uholanzi palepale tarehe 21 (Gullit, kisha Niall Quinn dakika ya 71). Ireland na Uholanzi wakamaliza sare kwa kila kitu: pointi 3, mabao mawili ya kufunga na mawili ya kufungwa. Wakati ule ushindi ulikuwa pointi 2. Mechi yao wenyewe ilikuwa sare, kwa hiyo kigezo pekee kilichobaki kilikuwa kura ya bahati nasibu. Ireland ikapata nafasi ya pili na kupangiwa Romania. Uholanzi, ya tatu, ikakutana na Ujerumani Magharibi na kutolewa.

Tarehe 25 Juni, Genoa, 0-0 baada ya dakika 120. Mikwaju: Sheedy, Houghton, Townsend na Cascarino wakafunga kwa Ireland, na Romania wakafunga minne yao. Mkwaju wa tano wa Romania ulipigwa na Daniel Timofte. Packie Bonner akaruka upande wake wa kulia na kuupangua. David O'Leary akamalizia. Siku hiyohiyo wakuu wa serikali za Jumuiya ya Ulaya walikuwa kwenye mkutano Dublin, kwa sababu Ireland ilikuwa na uenyekiti wa zamu wa nusu ya kwanza ya mwaka. Robo fainali ikachezwa Roma tarehe 30 Juni: Italia 1-0, Schillaci.

Mechi tano, mabao mawili, hakuna ushindi hata mmoja ndani ya muda wa mchezo, na wakafika nane bora. Watu huwasema kwa mchezo wa mipira mirefu wa kocha wao Jack Charlton. Alicheza na alichokuwa nacho: alitaka mpira utue nyuma ya mabeki wa pembeni, kisha wachezaji wake wawabane palepale wasiweze kugeuka. Timu iliyozoea kujenga kutoka nyuma ilipata taabu kweli.

#10 Mtafiti wa Mwambao

Timu ilirudi Dublin tarehe 1 Julai, siku ileile aliyofika Nelson Mandela. Alikuja kupokea heshima ya uraia wa jiji la Dublin aliyopewa mwaka 1988 akiwa bado gerezani, na tarehe 2 Julai akahutubia bunge lao.

Ziara ile ilikuwa na mizizi. Julai 1984 Mary Manning, mhudumu wa duka la Dunnes Stores mtaa wa Henry, alikataa kupitisha kwenye mashine matunda ya Afrika Kusini ya mteja, kwa kufuata agizo la chama chake cha wafanyakazi. Akasimamishwa kazi, na wenzake wachache wakatoka naye. Mgomo ulidumu karibu miaka mitatu, hadi serikali ilipopiga marufuku mazao ya Afrika Kusini mwaka 1987. Mandela alikutana na wagomaji hao. Aliyeasisi Vuguvugu la Kupinga Ubaguzi nchini Ireland mwaka 1964 alikuwa Kader Asmal, mhadhiri wa sheria wa Trinity College aliyezaliwa Afrika Kusini. Mwaka 1990 huohuo alirudi kwao.

#11 Nyuma ya Pazia

Jukwaani, tarehe 24 Aprili 1990 Abbey Theatre ya Dublin ilifungua *Dancing at Lughnasa* ya Brian Friel. Ni dada watano wa Donegal mwaka 1936, redio inayokatika kila mara, na kaka yao padri aliyerudishwa kutoka kituo cha wakoma nchini Uganda baada ya miaka 25. Padri huyo alikuwa akizungumza Kiswahili miaka yote hiyo, kiasi kwamba Kiingereza kinamponyoka. Wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kuujua mchezo huu kuliko tunavyoujua. Friel hakumleta Afrika kama pambo. Ibada za shukrani alizoziona padri kule Uganda anazisimulia kwa mapenzi makubwa, na sikukuu ya mavuno ya Lughnasa milimani Donegal inaonekana kuwa jirani yake. Anayeona aibu ni dada mkubwa, mwalimu, anayehofia parokia itasema nini.

Tena tazameni mpangilio wa vyombo: redio inapowaka, dada mmoja anaanza kucheza, kisha mwingine, hadi wote wanacheza kwa kelele jikoni, halafu redio inakatika na kila mmoja anarudi kwenye kazi yake. Mwongozaji akirefusha dansi ile, maneno yanayofuata yanapoteza nguvu. Akiifupisha, hadhira haitaelewa wanawake hao wamenyimwa nini.

#12 Wakala wa Kituo

Kwa ufupi upande wa sheria. Julai 1990 adhabu ya kifo ilifutwa kabisa kwenye sheria zao. Mtu wa mwisho kunyongwa ilikuwa 1954. Katiba yenyewe ikazuia adhabu hiyo baada ya kura ya maoni ya 2001. Na Desemba 1990 ikapita sheria iliyoondoa kinga ya mume kwenye kosa la ubakaji. Talaka ilibaki marufuku kikatiba hadi kura ya maoni ya 1995, iliyopita kwa tofauti ya kura 9,114 tu.

#13 Goli la Ugenini

Na timu za kaunti ya Cork zilibeba vikombe vyote viwili vya michezo ya jadi mwezi Septemba. Kwenye hurling, mchezo wa fimbo na mpira mdogo, waliwafunga Galway 5-15 kwa 2-21. Anayesoma matokeo hayo kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa: namba ya kwanza ni mabao, kila moja pointi 3, ya pili ni pointi za juu ya mwamba. Kwa hiyo ni 30 kwa 27. Wiki mbili baadaye, mpira wa Kigaeli, Cork 0-11 Meath 0-9. Teddy McCarthy alicheza fainali zote mbili.

#14 BintiMvita

Turudi kwa Robinson. Rais wa Ireland hana serikali. Alibadilisha nini hasa?

#15 Kalamu Nyekundu

Madaraka hayakubadilika hata kidogo. Rais hawezi kutoka nje ya nchi bila ridhaa ya serikali, na ujumbe kwa taifa lazima uidhinishwe. Mwaka 1991 serikali ya Haughey ilimkatalia kutoa mhadhara mkubwa wa BBC. Alichobaki nacho ni kuchagua nani wa kumtembelea na nani wa kumkaribisha, na hapo alifanya kazi bila kuchoka. Aliapishwa tarehe 3 Desemba 1990 katika Dublin Castle, na akaweka taa inayowaka muda wote kwenye dirisha la Ikulu kwa ajili ya Waairishi walioko ughaibuni. Miaka ya 1980 watu wengi walikuwa wamehama kutafuta kazi, na hawakuwa na kura.

Upande wetu wa dunia, Oktoba 1992 alikwenda Somalia wakati wa njaa, kisha akazungumza na waandishi Nairobi akishindwa kuficha machozi, na kutoka hapo akapeleka suala hilo Umoja wa Mataifa New York. Oktoba 1994 alikuwa Rwanda, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari, na alirudi tena 1995 na 1997. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukamteua mjumbe maalumu wa Maziwa Makuu, kwa hiyo Kigali, Kinshasa na Bujumbura anajulikana kwa kazi hiyo pia.

#16 Mtafiti wa Mwambao

Mrithi wake 1997, Mary McAleese, naye alishinda kwa hatua ya pili, lakini wagombea walikuwa watano. Inakuwaje hatua mbili tu ziwatoshe wagombea watano?

#17 Wakala wa Kituo

Robinson alijiuzulu Septemba 1997 kwenda kuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, na kura zikapigwa tarehe 30 Oktoba. Chaguo la kwanza: Mary McAleese 574,424, Mary Banotti 372,002, Dana Rosemary Scallon 175,458, Adi Roche 88,423, Derek Nally 59,529. Jumlisha watatu wa mwisho unapata 323,410, pungufu ya kura za Banotti. Maana yake hata kura zote za wawili zingemwendea wa tatu, asingemfikia Banotti. Sheria inataka wenye hali hiyo waondolewe kwa mkupuo, kisha kila karatasi ipelekwe moja kwa moja kwa yule wa juu zaidi kwenye mfuatano wa namba zake kati ya McAleese na Banotti, hata kama ni namba 4.